Gari la Bibi Orika

Chamazi, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Isack,

Marahaba ya ile shikamoo uliyonipa kupitia wavu siku nilipokuja gerezani, maana sikukuitikia, nilikuwa nalia mpaka yule askari wa kike akaniletea kiti. Sie huku wazima. Shule zimefunguliwa, nina wanafunzi themanini darasani na chaki za kuhesabu. Jirani yetu Mwanaasha anakusalimu. Kuku wake wanakula mchicha wangu kila asubuhi na bado anakula kiapo kwamba si wake. Mama miguu imevimba tena, presha inapanda inashuka, lakini mdomo ni mzima kabisa. Yuko hapa kibarazani, ananiambia niandike kama anavyosema, nisipambe: "Muulize yule mjinga, amekula? Kama amekula, amekula nini? Na asinidanganye, akikonda shingo yake inakuwa kama ya bata."

Umesema nisije tena kukuona ukiwa na nguo hizo. Haya, sitakuja, tutaandikiana. Lakini nakujua ukikaa kimya. Baba alipofariki ulikuwa kidato cha pili, ukakaa wiki nzima hutii kitu mdomoni mpaka tukakulaza hospitali. Sasa umemgonga yule mzee wa watu kwa lori la mchanga, amekufa, breki zilikataa, mahakama imeshakupa miaka yako miwili. Mie siongezi neno juu yake. Naogopa jambo moja tu, usije ukaacha kula.

Basi nimepata wazo. Wale wanaosoma kwenye simu riwaya yako ya kale ya Wagiriki na Waskithi, watu wa farasi wa mbugani, wananitukana mie eti nimekuficha. Shujaa wako Nikandro umemwacha amefungiwa mnarani na Wagiriki wenzake! Tufanye kama tulivyokuwa tunafanyaga Tukuyu, Baba akirudi kufundisha historia na kutusimulia vile vita. Wewe ulikuwa Mgiriki, ngao yako mfuniko wa sufuria. Mie Mskithi, upinde wangu wa mpera. Wewe andika mambo ya ndani ya ukuta, mie niandike ya huku nje mbugani. Nitachapa niwatumie.

Ni mie dada yako, ambaye hukuwahi kumshinda hata vita moja,
Tupokigwe


Ukonga, 3 Machi 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika. Imechelewa kidogo kwa sababu zinasomwa kwanza, na anayezisoma ni Afande Projestus, mtu wa Bukoba, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Alinikabidhi akaniuliza, "Huyu Nikandro alifanya kosa gani?" Nikajua nimepata msomaji.

Mwambie Mama nimekula ugali na maharage. Shingo iko palepale. Mwambie Mwanaasha kuku akiingia kwenye mchicha wa mtu anakuwa wa mwenye mchicha.

Ya ndani kwangu sina ya kusimulia, dada. Kuna siku nalisikia lile lori. Tuyaache. Sura hii hapa:

*Mnara wa Olbia, mji wa Wagiriki, ulikuwa na dirisha moja, jembamba, linalotazama mbuga. Nikandro alikaa hapo na minyororo yake. Wagiriki wenzake walimwita msaliti. Kosa lake lilikuwa bakuli. Miaka ile alipotekwa, yeye na Arima, binti wa Kiskithi mpiga mishale, walimimina mvinyo ndani ya bakuli la udongo, wakachanja mikono, wakachanganya damu, wakachovya upanga na mishale, kisha wakanywa kwa pamoja, mashavu yakigusana. Tangu hapo wakawa ndugu wa tumbo moja. Mama yake Arima, Bibi Orika, alimtazama Mgiriki yule akasema, "Sasa huyu ni wangu? Mbona amekonda hivi?" Akamshonea kofia ya manyoya. Vita vilipoanza, Nikandro alirudi mjini kuwaomba Wagiriki wapatane na Waskithi. Jemadari akaiona kofia ile, akamfungia.*

*Sasa kila asubuhi Nikandro alitafuta kwa macho gari moja la ng'ombe kati ya magari yote ya Waskithi mbugani, lile lenye turubai jekundu. Bibi Orika alikuwa humo. Akiliona, alikula mkate wake.*

Najua utasema Bibi Orika ni Mama. Ni Mama, ndiyo. Usimwambie.

Isack wako, mfungwa wa Olbia


Chamazi, 30 Machi 2024

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Nilimsomea sura yote, akasikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Huyo bibi ana akili." Halafu akauliza kama mkate wa huko Ugiriki una mafuta, maana mkate mkavu haumnenepeshi mtu. Mwisho akasema niandike: "Ugali na maharage ya nini kila siku? Hakuna mboga? Aseme ukweli."

Sie wazima. Mama tulimpeleka kupima juzijuzi, wakambakiza siku mbili tu, amerudi. Mvua imeharibu barabara ya Mbande, gari la taka haliji. Wasomaji wako wanafurahi. Sura yangu hii, si nzuri kama yako, mie mwalimu wa hesabu:

*Bibi Orika alimwita Arima akampa jibini la maziwa ya farasi, gumu kama jiwe. "Mpelekee." Arima akasema, "Mama, kuna ukuta, kuna mikuki, kuna jeshi." Bibi akasema, "Kwani mimi nimekuuliza kuna nini?" Basi Arima akalifunga jibini kwenye mshale, akapanda farasi wake mwekundu, akakata mbuga mbio, amelala juu ya shingo ya farasi. Wagiriki walifyatua kutoka ukutani. Mshale mmoja ukampasua sikio. Hakupunguza mwendo. Alipofika mahali ambapo mtu akitupa jiwe linagonga ukuta, akamgeuza farasi, naye akageuka juu ya tandiko kuutazama ukuta, farasi akikimbia kurudi mbugani, akavuta upinde. Jibini likaingia dirishani.*

Unaona? Amelishwa.

Aliye nje ya ukuta,
Tupo


Ukonga, 28 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Jibini! Afande Projestus alicheka mpaka miwani ikaanguka. Amewasomea wenzake ofisini, sasa nikipita uwanjani askari ananiuliza, "Mwandishi, limempiga usoni?" Limempiga usoni. Limemng'oa jino. Lakini alilila lote, na walinzi wakamwomba kipande.

Mwambie Mama mboga ipo, matembele, nakula. Alilazwa siku mbili za nini? Hukuandika. Wewe ukisema "tu" huwa naogopa.

Dada, nilimwota yule mzee. Alikuwa amebeba mfuko wa mkaa, kama siku ile. Hakunisema. Alipita. Niliamka sitaki kitu, nikakumbuka Nikandro lazima ale jibini kesho yake, nikainuka nikala, kwa sababu siwezi kumwandika mtu anatafuna wakati mie tumbo tupu. Kumbe ujanja wako unafanya kazi.

Ombi langu moja. Vita vinakuja vikali, watu watakufa, ndiyo riwaya ilivyo. Muue jemadari, muue hata yule farasi mwekundu. Bibi Orika usimguse. Ukimuua Bibi Orika nagoma kula, shauri yako.

Mwenye pengo,
Isack


Chamazi, 2 Juni 2024
(Hii sikuituma.)

Isack,

Mama hayupo.

Nimeandika, sasa nayatazama haya maneno mawili. Amefariki mwezi uliopita, asubuhi, nikimkanda miguu kwa maji ya moto. Alikuwa anamsema Mwanaasha juu ya kuku, akakatisha katikati, nikadhani anavuta pumzi aendelee. Mwanaasha mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Tangu siku ile amewafungia kuku wake, na mie nautazama mchicha ulivyostawi natamani kuung'oa wote.

Alijua. Siku zile za hospitali alinishika mkono akaniapisha: "Isack asiambiwe mpaka akanyage nyumba hii. Akisikia huko aliko hatakula. Mnasahau? Nilimzika mume wangu huku namlisha mtoto mkubwa kwa kijiko." Nikaapa. Ningefanyaje, Isack? Ningemkatalia?

Tulimsafirisha Tukuyu, kwenye basi dogo la kosta. Ndugu walikuwa wamesimama barabarani kutusubiri, Morogoro, Iringa, kila mahali. Makambako mama mdogo Herieth alisimamisha gari, akapanda na chupa ya chai na maandazi. Akatumiminia sote. Akamimina na kikombe kingine, akakiweka juu ya jeneza, akasema, "Dada, hii yako, sukari nimepunguza." Kisha akatugeukia na yale macho yake: "Na nyie kunyweni. Gari haliondoki hapa vikombe vimejaa, mtamchelewesha." Tukanywa, tunalia, tunakunywa.

Hapo nikamkumbuka Baba. Si alituambia Mskithi akifa hazikwi upesi? Wanampandisha kwenye gari, wanamzungusha kwa rafiki zake siku arobaini, na kila nyumba inamwandalia chakula kama mgeni aliye hai. Wewe ulicheka ukauliza maiti anakula nini. Baba akasema yeye hali, wanakula wenzake.

Umeandika nikimuua Bibi Orika unagoma. Ulikuwa unatania. Mie barua yako ilinikuta nimekaa msibani.

Siwezi kuituma hii. Naiweka chini ya godoro lake.


Chamazi, 2 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sie huku sote hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu sana. Anakuombea kila siku, anasema wewe ni mtoto mwema na anajivunia kuwa na wewe.

Nisamehe sina sura mwezi huu, ni mitihani, nasahihisha mpaka vidole vinauma.

Dada yako,
Tupokigwe


Ukonga, 7 Julai 2024

Shikamoo dada,

Salamu za Mama nimezipata. Nimezisoma, nikazirudia.

Mtoto mwema? Anajivunia? Huyu ni Mama gani? Mie nilipofaulu darasa la saba Mama yangu alisema afadhali, maana sare ilikuwa imeisha kitako. Siku ya hukumu nilipotoka kizimbani aliniambia nichomekee shati. Sasa ghafla najivuniwa. Na hajauliza nimekula nini. Tangu uanze kuandika ndiyo mara ya kwanza.

Mnampa dawa gani?

Sijauliza kitu, dada. Nimesema tu.

Mie nipo. Hamu ya kula imepungua kidogo, nadhani ni joto. Sura sijaandika. Nikandro amekaa dirishani anatazama mbuga, na lile gari lenye turubai jekundu halioni mahali lilipokuwaga. Mie sitaki kumwandikia sababu. Wewe ndiye uliyesema mambo ya nje ni yako.

Isack


Chamazi, 4 Agosti 2024

Isack,

Joto la Julai? Dar hii hii? Watu tumelala na mablanketi, wewe unasikia joto. Usinifanye mjinga.

Salamu sina. Nilijaribu kuandika barua ya kawaida, nikachana, nikajaribu tena. Kuna mtu aliniapisha, na kiapo bado kiko shingoni. Kwa hiyo sisemi kitu. Nimeandika sura, basi. Isome mpaka mwisho hata ukitaka kuitupa katikati. Nakuomba, Isack. Sijawahi kukuomba.

*Arima alifunga ng'ombe kwenye gari lenye turubai jekundu. Bibi Orika alikaa ndani amevaa joho lake la dhahabu, kofia kichwani, mikono magotini. Hakusema neno. Yeye aliyezoea kugombana hata na upepo, safari yote hakusema neno.*

*Walikwenda nyumba kwa nyumba. Kila hema watu walitoka, wakamsalimu, wakaweka bakuli mbele yake kwanza ndipo mbele ya wengine. Wakamsimulia habari za ndama, za ndoa, za nani amemwibia nani tandiko. Walimwambia yale waliyokuwa wakiogopa kumwambia. Na desturi yao ilikuwa hii: mwenye nyumba asipokula mbele ya mgeni huyu, gari haliondoki.*

*Mmoja alikataa. Alikuwa shujaa, mtu wa makovu, aliyewahi kuvuka mto amebeba mgongoni farasi aliyejeruhiwa. Alisema koo limeziba. Gari likasimama kwake kutwa, juani. Arima akamwendea. "Unamchelewesha," akamwambia. "Anakwenda mbali, na amechoka." Yule mtu akaketi akala, machozi yakidondokea kwenye nyama, na magurudumu yakazunguka.*

*Nyumba zikaisha. Ikabaki moja, nayo imo ndani ya ukuta wa Olbia. Wazee wakasema, huyo mruke, yuko kwa maadui. Arima akasema, "Mtoto wake ndiye nimruke?" Akavua podo la mishale, akatundika upinde juu ya mti, akashika kamba ya ng'ombe kwa mkono mtupu, akaenda. Wagiriki walijaa ukutani, pinde zimevutwa. Yeye akaenda tu, taratibu, kwa sababu ng'ombe hawajui haraka. Akasimama chini ya mnara, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika:*

*"Nikandro! Mama yuko hapa chini! Hataondoka mpaka ule!"*

Tupokigwe


Ukonga, 8 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Barua hii haina "msalimie Mama". Usiitafute.

Afande Projestus hakunigawia pamoja na wengine. Alinifuata, akanipa mkononi, alikuwa amevua kofia. Nikajua kabla sijafungua. Nadhani nilijua tangu siku niliposifiwa.

Nilikuchukia, nikuambie ukweli. Umemzika Mama bila mie! Umeniandikia "anajivunia" na udongo bado mbichi! Nilikuandikia matusi ukurasa mzima, ningeyatuma yangekuuma mpaka uzeeni. Halafu nikakumbuka ule mdomo wangu, "nagoma kula, shauri yako." Na wewe ulipoisoma ile ulikuwa na nini mkononi, dada? Ulikuwa umekaa wapi? Sitaki unijibu. Ule ukurasa nimeuchana.

Lakini nikagoma kweli. Sikukusudia. Sahani ilikuwa inakuja, naitazama, inarudi. Siku ya tatu Afande alikuja akaketi kwenye benchi pembeni yangu. Akasema, "Mwandishi, yule Mgiriki wako ameshuka?" Nikamwambia bado. Akasema, "Kwa hiyo bibi wa watu bado yuko pale mlangoni, juani." Nikasema yupo. Akasema, "Na miguu ile ilivyovimba?"

Dada, amesoma barua zetu zote. Anajua ile miguu ni ya nani.

Nililia mbele ya watu. Nililia kama ulivyolia pale kwenye wavu, ila mie sikuletewa kiti. Kisha nikaomba sahani. Tonge la kwanza nikaliweka pembeni, lake. La pili nikala. Lilikuwa halipiti. Likapita. Afande alikaa mpaka nikamaliza, akavaa kofia yake akaenda zake.

Wapelekee wasomaji hii, ndiyo sura ya mwisho, sina nyingine:

*Jemadari aliisikia ile sauti. Alitazama chini, akamwona mwanamke asiye na upinde, na nyuma yake bibi kizee amekaa wima ndani ya gari, na hakuhitaji kuambiwa. Naye alikuwa na mama. Akasema, "Mfungueni." Nikandro alishuka ngazi akiburuta mnyororo mmoja uliokataa kufunguka. Lango likafunguliwa kiasi cha mtu kupita. Alitoka bila ngao. Juu ya ukuta mikuki ikashushwa, mmoja mmoja.*

*Alikuwa na mkate wa mfungwa, mkavu, hauna mafuta. Akaumega, akaweka nusu magotini mwa Bibi Orika. Alimrekebisha kofia. Alitaka kumwomba radhi kwa kuchelewa, kwa vita, kwa kila mtu aliyeumia kwa mkono wake, lakini aliona kwamba Bibi hangeyasikiliza hayo. Alikuwa anasubiri kitu kimoja. Basi Nikandro akaketi chini, kwenye vumbi, kati ya majeshi mawili, akaweka mkate mdomoni, akatafuna.*

*Arima alisubiri mpaka ameze. Kisha akawagusa ng'ombe, na gari likaondoka.*

Kiapo chako kimeisha, dada, hukukivunja. Hukuniambia kitu. Lala sasa. Na mwambie Mwanaasha awafungulie kuku, mchicha ule si wa kutazamwa.

Desemba ukienda Tukuyu pita pale alipo, si amelala karibu na Baba? Usimpambie maneno, hapendi. Mwambie nimekula. Ugali na maharage. Akiuliza mboga, mwambie matembele.

Isack